Glasi Niliyoifunika kwa Kisahani

Wangeci, maitu,

Sitaandika juu ya sweta. Ziko kwenye sanduku, na hata kama nimesahau moja, huko unakoenda wanauza sweta. Sitaandika juu ya kupiga simu wala juu ya wanaume. Hayo umeyasikia mpaka umechoka, na leo guka wako, baba yangu, ameyarudia yote kana kwamba ameyatunga yeye. Naandika juu ya glasi. Iko hapa mezani karibu na mkono wangu, nimeifunika kwa kisahani nzi wasiingie. Ni ile uliyoniletea mchana nikaikataa.

Umetoka kumsindikiza guka mpaka barabarani, na kwa vile guka hawezi kumpita mtu hapa Gatitu bila kumsalimia, hata yule waliyekosana naye, najua nina muda. Githeri ya wateja wa jioni inachemka kibandani, mahindi na maharagwe bado ni magumu. Nikisikia harufu inabadilika nitakimbia kuigeuza, kwa hivyo ukiona mahali kalamu imeruka, ujue ni sufuria.

Nitasema neno lenyewe mapema ili lisikae katikati yetu kama jiwe kwenye maharagwe. Nina wivu. Nilikuwa nao kabla ya leo, lakini leo wivu wenyewe uliketi mezani pamoja na sisi ukala kuku wangu.

Tangu asubuhi nilikuwa jikoni, uliniona. Mukimo ya viazi vilivyopondwa na majani ya malenge, chapati, yule jogoo tuliyemfuga wenyewe, na githeri kwa sababu guka haamini kama amekula bila githeri. Halafu Madam Kagendo akaingia na kikapu chake. Trauti kutoka Sagana, wale samaki wa maji baridi, amewapaka siagi na ndimu akawafunga kwa foili. Jibini ya mbuzi kutoka upande wa Doldol, nyeupe kama chokaa. Na chupa mbili za waini nyeupe ya shamba lake, hiyo hiyo ambayo wewe ulisaidia kuichuma, kuikamua, na kuionja kila wiki ikiwa kwenye tangi.

"Mama Wangeci, usijisumbue," akaniambia, "nimekuja na chakula inaenda na waini."

Usijisumbue! Na mimi nimesumbuka tangu jogoo alipokuwa hai.

Na Kagendo si mtu mbaya. Hilo ndilo linaniudhi. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika. Lakini alikula mukimo yangu akaomba nyingine, alimwita baba yangu "mzee" kwa heshima yote, alinisaidia kuondoa sahani. Mwanamke wa Meru aliyekuja na gari safi, na bado anajua kukunja mikono ya blauzi na kuosha sufuria ya mtu mwingine. Nitamshindia wapi mtu kama huyo?

Guka, kama kawaida yake, hakutaka kuonja kitu asichojua ukoo wake. Akaishika chupa akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ilizaliwa wapi?"

"Shamba ni hapa tu, mzee, ukipita Naro Moru, upande ule mkavu wa mlima," Kagendo akasema. "Lakini vijiti vya kwanza vya mzabibu vilitoka Afrika Kusini, karibu na Cape Town. Kule anaenda Wangeci kusomea waini."

"Kwa hivyo mama ya hii waini yuko huko."

"Unaweza kusema hivyo."

"Na huyu wetu anaenda kukaa kwa huyo mama."

Walicheka. Wewe pia ulicheka. Mimi nilikata chapati ambayo haikuhitaji kukatwa.

Halafu Kagendo akaeleza, na nikasikiliza ingawa sikutaka. Akasema huko kwao mzabibu kuna majira ya baridi yanayoangusha majani, mti unalala. Hapa kwetu baridi ni ya usiku tu. Hiyo baridi inasaidia, ndiyo inafanya waini ibaki na ule ukali kidogo kwenye ulimi. Lakini asubuhi jua linatoka na mzabibu unashangaa, haujui ni saa ngapi ya mwaka. Miaka ya kwanza uliota majani tu, majani juu ya majani, bila kupumzika, na waini iliyotoka ilikuwa ya kuoshea madirisha.

"Mkafanya nini?" guka akauliza.

"Tukaulazimisha ulale, mzee. Tunakata matawi, tunatoa majani yote, tunaunyima maji. Ukiamka unajua kazi yake. Na ndege nao wanajua kazi yao, kwa hivyo tunafunika na neti."

Guka akanigeukia. "Nyawira, umesikia? Hata mti unalala."

"Mti hauna wateja," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini maneno hayo yalinikaa. Mimi nimekuwa majani tangu nikuzae, Wangeci. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na tangu siku hiyo sijui kama nimewahi kulala usingizi wa kuamka nikijua kazi yangu. Naamka tu nikiwa nimeshaanza.

Halafu guka akauliza kwa nini nyingine ni nyekundu na hii ni nyeupe, na Kagendo akageuka. Akakuangalia wewe, kama mwalimu anayemwachia mwanafunzi wake. Wewe ulikuwa unatoa mfupa wa samaki.

"Rangi iko kwa maganda, guka. Nyekundu inaachwa ikae na maganda yake siku nyingi. Nyeupe inakamuliwa mapema, maganda yanatolewa kabla hayajaacha alama."

Hukuniangalia, na hukuwa na sababu ya kuniangalia. Ulikuwa unaeleza waini. Lakini mimi nilisikia kwamba mtu anaweza kutolewa mapema na kitu kizuri kikaendelea bila yeye, tena kikawa safi zaidi. Ndivyo wivu unavyosikia mambo. Ukiongea juu ya zabibu, wenyewe unasikia jina langu.

Ndipo nikauliza swali langu, na najua unalikumbuka. Kagendo alikuwa anaonyesha vinavyoenda na waini: trauti na ndimu, jibini ya mbuzi, kuku wa kuchoma asiye na nyanya nyingi. Kuhusu mukimo alisema ukweli, kwamba inaifunika waini kama blanketi. Nikauliza, "Na githeri?"

Guka akapiga meza. "Githeri na waini! Wee Nyawira, hata mahindi itashtuka!"

Kagendo alicheka kidogo akasema, "Sijawahi kujaribu." Na wewe, maitu, ulicheka ukafunika mdomo. Wewe uliyekua kwa githeri. Sare yako ilikuwa na harufu ya githeri mpaka wenzako wakakupa jina, ukarudi ukilia, na mimi nikaosha sare hiyo kila siku mwaka mzima.

Halafu Kagendo akasema lile neno. Alikushika bega akamwambia guka, "Mzee, huyu mwanangu nilimgundua akiwa na miaka kumi na tatu tu."

Mwanangu! Na ati alikugundua. Kama vile wazungu waligundua Mlima Kenya, na sisi tuko hapa chini tunauangalia kila asubuhi tukienda kukamua ng'ombe.

Pua yako niliijua kabla yake. Ulikuwa hujaanza shule ulipokataa maziwa ukasema, "Ng'ombe amekula kitunguu." Nikakulazimisha unywe. Jioni jirani akaja kulalamika kwamba ng'ombe wetu alikuwa ameingia kwa shamba lake la vitunguu. Ulikuwa unajua mvua kabla ya mawingu. Guka alipokuwa anatengeneza muratina kule nyumbani, asali na maji na lile tunda kavu lililo kama sifongo, akiiweka karibu na moto ili iamke, wewe ulikaa karibu na kibuyu ukamwambia, "Guka, bado." Ulikuwa na miaka saba. Naye hakuigusa mpaka uliposema sasa. Sikujua ni kitu cha kusomewa. Kwetu pua ilikuwa pua.

Na ni nani aliyekupeleka kwa Kagendo? Mimi nilikuwa kibarua huko wakati wa mavuno. Shule zilikuwa zimefungwa na sikuwa na mtu wa kukuacha naye, nikaenda nawe. Uliweka zabibu moja mdomoni ukasema, "Hii ndani inanuka kama pera ambalo halijaiva," na yule mwanamke aliyekuwa anapita nyuma yetu akasimama. Niliona akisimama. Nikafurahi, nikakusukuma mbele kidogo na kiwiko. Mkono wangu ulikuwa umejaa zabibu zake na nikakusukuma kwake. Tangu hapo kila likizo ukawa wa shamba, ukarudi na maneno mapya na mkono unaozungusha kikombe cha chai kama una kitu cha kutafuta ndani yake.

Sasa nifike kwenye glasi.

Unajua desturi yetu, lakini hujaiona ikifanywa, kwa hivyo labda huelewi uliyoyafanya. Watu wa mvulana wakileta njohi, ile pombe ya posa, kwa sababu ya msichana, baba yake haigusi hata kama ana kiu namna gani. Msichana anaitwa, anaulizwa mbele ya watu wote: tuinywe? Akikataa, njohi inarudi ilikotoka na hakuna wa kumlaumu. Akikubali, anaonja yeye kwanza, kisha anampa baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Ndipo wengine wanakunywa. Hakuna karatasi wala sahihi. Ni yule msichana na ule mkono.

Mimi sikuulizwa. Tumbo langu lilionekana nikiwa fomu tatu. Watu wa baba yako walikuja mara moja, mikono mitupu, wakasema pole, wakanywa chai yetu, wakaenda. Hakukuwa na kitu cha kuulizwa kama tukinywe. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango wa jikoni nimevaa gauni safi, kwa sababu mama yangu, yule uliyerithi jina lake hata nakuita maitu, mama yangu, alikuwa amenivalisha akasema, "Ukiitwa, uwe tayari." Sikuitwa. Gauni hilo nililivua peke yangu.

Kwa hivyo leo guka alipoishika chupa ya Kagendo akakuita kwa ile sauti ya wazee, nilijua ni mzaha, na moyo wangu ukaruka hata hivyo.

"Wangeci. Huyu mama amekuja na njohi yake. Anataka kukupeleka mbali. Tuinywe?"

Na wewe hukucheka. Ulisimama. Ulizungusha glasi, ukanusa, ukafumba macho kidogo, ukaonja. Ukasema, "Inyweni, guka."

Sijawahi kuona msichana wa nyumba hii akiulizwa kitu namna hiyo, wala akijibu hivyo. Nilijivuna, maitu. Na hapo hapo nikakuonea wivu wewe, wala si Kagendo tena, wewe mtoto wangu. Na kwa vile hakuna baba kwenye hii nyumba, na baba na mama wote ni mimi, nilinyoosha mkono.

Ukampa Kagendo.

Najua kwa nini. Kule kwenye shamba ni yeye anayeonja baada yako, kila wiki, miaka hii yote. Mkono umezoea njia yake. Haukuwa ubaya. Lakini wangu ulikuwa hewani juu ya meza, na sikujua nifanye nini nao, kwa hivyo nikaupitisha nikachukua chumvi. Nikatia chumvi kwenye chapati. Guka peke yake ndiye aliyeona, akaangalia dirishani.

Ikapita kwa Kagendo, ikaenda kwa guka aliyesema, "Hii ni muratina ya watu wa ofisi," ndipo ukajaza tena ukaniletea mimi. Ya mwisho. Ukitabasamu.

"Mimi ni mtu wa kanisa," nikasema.

"Hata yule aliyegeuza maji kule Kana alikuwa mtu wa kanisa," guka akasema.

"Basi kichwa kinaniuma."

Ukabaki umeishika. Ukasema kwa sauti ndogo, "Mami, onja tu," nikasema hapana, weka hapo. Uso wako niliuona. Ulikuwa ule wa siku ya sare. Na Kagendo akaanza kuongea juu ya barabara na saa atakayokuja kukuchukua asubuhi, ili watu wote wapate mahali pa kuangalia.

Sasa nimekaa na glasi hii. Nimefikiria kuimwaga. Nimefikiria kukuambia uende tu, mambo ya njohi ni ya wazee. Lakini umeshaulizwa mbele ya guka na umejibu, na mimi najua nilichokifanya. Kwa desturi yetu ile ile, mzazi akikataa glasi, safari imesimama. Utaenda, tiketi ipo. Lakini utaenda ukijua iko hapa mezani, na kila glasi utakayoshika huko itakuwa na hii nyuma yake. Hilo sitaki. Wivu wangu ni wangu, usiubebe kwenye sanduku na sweta.

Nikafanya kitu cha kitoto. Nilienda kibandani nikachota githeri kwa bakuli, nikapasua avokado, ile laini ya mti wa jirani, nikaiponda juu na chumvi. Nikakaa hapa. Halafu nikafunua kisahani nikachovya kidole. Kidole tu. Kuchovya si kunywa, muulize guka.

Peke yake ilikuwa kali, na ilinikunja uso. Kisha nikala kijiko cha githeri bila avokado, nikachovya tena: mbaya, guka alisema kweli, mahindi ilishtuka. Lakini nilipokula yenye avokado, yale mafuta yakiwa bado yamekaa kwenye ulimi, nikachovya, ule ukali ukapata kitu cha kukata. Ukapita kama maji ya baridi ya asubuhi, na nyuma yake nikasikia lile pera lako. Lile ambalo halijaiva. Nimelisikia, Wangeci. Miaka yote ulikuwa unaliongelea nikakuitikia "ee, ee" nikikoroga sufuria, sikujua unaongelea kitu kilichopo kweli.

Sijui kama ni sawa. Labda ni njaa. Mchana sikula vizuri, unajua kwa nini. Wewe utasema. Usimwambie Kagendo kwanza. Au mwambie, lakini mwambie ni mami alijaribu.

Jambo moja tu nitakuomba ubebe. Huko utaonja vitu vingi mbele ya watu wenye majina makubwa, na mkono wako utazoea njia mpya. Ukishaonja, kabla hujapitisha glasi, angalia mikono iliyo mezani. Kuna mmoja unaweza kuwa umenyooshwa na mwenyewe anaona haya kuurudisha. Sisemi hivi kwa kukulaumu. Leo mkono huo ulikuwa wangu, kwa hivyo najua ulivyo, na chumvi haikuwa na kazi kwenye chapati.

Kagendo akikuita mwanangu, itika. Nimekaa na hilo neno jioni hii, bado linaniuma, na litaniuma kesho gari lake likiondoka. Lakini kule mbali utahitaji watu wa kukuita hivyo, na heri awe anayejua kuosha sufuria. Asiseme tu kwamba alikugundua.

Nasikia sauti ya guka kule mbele bado anabishana na mtu, basi uko naye, na utarudi hivi karibuni. Barua hii naiweka chini ya glasi. Mimi nitakuwa kibandani. Ukimaliza kusoma, usije kuniaga wala kulia. Chukua glasi uje nayo huku, polepole, usimwage. Kagendo anasema waini ikikaa wazi inakufa, basi hii itakuwa imekufa kidogo. Tutaichukua hivyo hivyo. Nimekuwekea avokado nusu.

Simama mbele yangu, hata kama kuna wateja. Wacha wasikie. Halafu uniulize vile guka alikuuliza wewe: tuinywe? Hakuna mtu amewahi kuniuliza, maitu, na jibu nimekuwa nalo tangu ile siku nimesimama nyuma ya mlango na gauni safi.

Mami wako,
Nyawira